Ushirikiano wa saratani na watu wa nje, unamfikia mgonjwa wa Ahero kweli?

NyarAhero: Wadau habari zenu. Shangazi yangu amepatikana na saratani ya titi, biopsi, kile kipimo cha kukata kipande cha uvimbe, tulifanyiwa mahali majibu yakakaa wiki saba, wiki saba jameni na uvimbe haungoji mtu. Sasa redioni nasikia serikali imekubaliana na kampuni ya dawa Roche ile dawa ya saratani ya titi, Herceptin, ishuke kutoka 120,000 hadi 40,000 kwa kila sindano na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa yote. Ye anaipata aje? Nani amepitia hii njia?

SistaWodi: Pole sana dada. Herceptin inasaidia tu kama saratani yake ni HER2 pozitivu, yaani seli zake zina protini ya HER2 kupita kiasi, na hiyo haijulikani mpaka kile kipande cha nyama cha biopsi kipimwe tena. Muulizeni daktari kama kipimo cha HER2 kiliandikwa, wengi hawaandikiwi na mgonjwa hajui kuuliza. Akiwa pozitivu ni sindano kila wiki tatu karibu mwaka mzima, so pangeni nauli mapema. Hapa ndo naumia, makubaliano ya dawa yanatangazwa kwa shangwe lakini bila maabara ya kupima dawa inakaa tu kwa friji.

Mzee wa Langas: Nawaambia penye iliwezekana. Hapa Eldoret, chuo kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani wako pamoja tangu 1989, AMPATH, mradi wao wa matibabu, yenyewe ilianza na ukimwi 2001 halafu wakaingia saratani, na kitu iliwasaidia ni kwamba walikaa, wakafunza madaktari na manesi wetu. Mashine unaweza letewa na meli, mtu wa kuiendesha lazima umsomeshe miaka. Hata Kisumu, ile hospitali tunaita Russia ilijengwa na Wasovieti miaka ya 60, lakini leo wanaoifanya iitwe hospitali ni watoto wetu.

Wa Njoro: Kweli mzee. Hospitali ya Nakuru Level 5 sasa kuna tiba ya mionzi, zamani ilikuwa lazima hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Shida ni mionzi inapigwa Jumatatu hadi Ijumaa wiki kadhaa, mtu wa mbali atalala wapi? Mama tuliyekaa naye benchi moja aliacha katikati juu ya pesa ya chumba. Hao wafadhili wakituuliza, mi ningesema jengeni nyumba ya wagonjwa kulala kabla ya mashine ya pili.

NyarAhero: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeangalia zile karatasi, HER2 haikuandikwa. Kesho narudi huko, hicho kipande wanatoa bila barua?

SistaWodi: Beba barua ya daktari, kitambulisho cha shangazi na ile namba ya biopsi. Nenda asubuhi mapema.