MREJESHO: Tangi la samaki kutoka bwawani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kufuga viumbe wa bwawani nyumbani bila pampu. Asanteni sana, limewezekana!

Nililikata juu dumu angavu la maji ya kunywa la lita 18, nikaweka mchanga uliooshwa, majani ya majini na maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili. Konokono niliwaacha hukohuko bwawani kama mlivyonionya kuhusu kichocho. Glavu na mabuti nilivaa.

Perege wadogo watano, wawili walikufa. Niliwalisha kupita kiasi, maji yakaoza. Sasa natoa chakula kidogo na kubadilisha robo ya maji kila wiki, watatu wanachangamka. Viluwiluwi wa chura, hata mmoja hakubaki: mtoto wa kereng'ende, ambaye huishi majini, aliwamaliza. Mtengeni mapema.