Kebo, kidude cha USB au simu: ipi inafaa kuunganisha Linux na ruta?

Mkazi wa Kibos, Kisumu
Wenzangu, salamu. Nimeweka Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, kwenye laptopu ya mtumba, na tangu hapo haioni waifai yoyote, ingawa simu yangu inaipata ya nyumbani bila taabu. Ruta iko nyumba kubwa kwa wazazi, nami nalala kwenye simba (kibanda cha kijana nje ya nyumba ya wazazi), yapata mita 30 ng'ambo ya ua. Nafikiria kuvuta kebo kupitia uani, kununua kidude cha waifai cha USB, au kutegemea bando la simu. Waliojaribu wanasemaje?

Fundi wa Kondele
Kabla hujatoa hata shilingi, beba laptopu hadi nyumba kubwa uiunganishe na ruta kwa kebo fupi. Ruta itaipa anwani yenyewe, na ukiandika `ip addr` kwenye dirisha la amri (terminal) huenda ukaona nambari inayoanza kwa 192.168. Kisha andika `lspci -nnk` usome mstari wa kadi ya waifai. Ukikuta jina la mtengenezaji Broadcom bila draiva (programu ya kuiendesha kadi) chini yake, ugonjwa umeupata, na kwa nyingi za kadi hizo dawa ni kifurushi cha programu kiitwacho `bcmwl-kernel-source`.

Mwalimu, Kakamega
Kebo fupi naiafiki. Ya uani naipinga. Umbali si hoja, kwani kebo ya Cat5e hufika mita 100. Hoja ni radi, na kwetu mvua ya alasiri haiji kimya. Mwaka jana nilivuta kebo ya namna hiyo kutoka nyumbani hadi dukani, na radi ilipopiga mparachichi wa jirani, tundu la kebo kwenye ruta na lile la kompyuta yaliungua yote mawili. Kwa kuwa ruta iliendelea kuwaka taa zake, nilipoteza siku nzima nikiilaumu Linux isiyo na hatia.

Mpangaji, Nakuru
Kidude cha USB ni kizuri iwapo utauliza chipu yake kabla ya kulipa. Chenye AR9271, kwa mfano, draiva yake imo tayari ndani ya Linux. Lakini ndugu wa Kibos, mbona simu unaihesabu kuwa ni bando tu? Simu ya Android iliyoshika waifai inaweza kuipitisha kwa waya wa USB hadi kwenye laptopu, bando lisiguswe.

Mkazi wa Kibos, Kisumu
Nimefuata hilo la simu. Ubuntu iliitambua kana kwamba ni kebo, na kifurushi alichotaja fundi kikaingia. Baada ya kuwasha upya, `nmcli device wifi list` ilionyesha ruta yetu mara mbili: masafa ya 5 GHz yakiwa na nguvu ya 19 kwa 100, na ya 2.4 GHz yakiwa na 54. Nimechagua haya ya pili. Mlango wa bati ukifungwa nguvu hushuka hadi 38, kwa hiyo meza nimeihamishia dirishani, na kebo ya uani nimeachana nayo.