Cairo (Illinois) au Fort Morgan (Colorado): upi nifundishie makazi ya mashambani Marekani?

Mwalimu wa Ramani
Wadau, wiki ijayo naingia kidato cha tatu na mada ya makazi. Chicago na New York wanafunzi wamezichoka. Nataka mji mdogo unaoonyesha kwa nini watu huja na kwa nini huondoka. Nimebaki na miwili. Cairo upo ncha ya kusini ya Illinois, mto Ohio unapoingia Mississippi: sensa ya 1920 ilipata watu 15,203, ya 2020 watu 1,733. Fort Morgan upo kando ya South Platte, kaskazini mashariki ya Denver: watu 11,597 mwaka 2020. Mngechukua upi?

Kipanga
Fort Morgan, sisiti. Palikuwa ngome ya jeshi, ikafungwa 1868. Watu wakarudi miaka ya 1880 na mifereji ya umwagiliaji. Kiwanda cha sukari cha 1906 kikavuta Wajerumani waliotokea Urusi, wakalima viazi sukari. Siku hizi machinjio makubwa yameleta Walatino na Wasomali. Kila wageni na kazi iliyowaita. Wanafunzi watashika upesi.

Bi Mwanakombo
Ni rahisi kufundisha, ndiyo, ila Cairo una swali zito zaidi. Mito miwili mikubwa, ardhi ya chini kuliko yote Illinois, mji umezungushiwa matuta ya kuzuia mafuriko. Jenerali Grant wa jeshi la Kaskazini alipiga kambi hapo 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza. Ukiitazama ramani unasema hapa lazima patakuwa jiji. Kumbe 1889 likafunguliwa daraja la reli juu ya Ohio, na mizigo iliyokuwa ikivushwa kwa vivuko ikaanza kupita moja kwa moja.

Mpenda Historia
Daraja peke yake halikuua mji, dada. Mwaka 1909 umati ulimuua William James, mtu Mweusi, hadharani. 1967 kijana mwanajeshi Mweusi alikutwa amekufa ndani ya kituo cha polisi, mji ukawaka. Kuanzia 1969 watu Weusi wakasusia maduka ya Wazungu yaliyokataa kuwaajiri, na wenye maduka wengi wakaona heri wafunge kuliko kuajiri. Mwalimu, usiwaambie watoto kwamba ni mito tu. Tafadhali.

Bi Mwanakombo
Hapo umenisahihisha, na nashukuru. Niongeze Mei 2011: Mississippi ulipofura, wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Missouri. Mashamba yakazama, Cairo ukapona. Waulize wanafunzi wangeamuaje wao. Kipindi kizima kitaisha hapo.

Mwalimu wa Ramani
Basi ni Cairo. Fort Morgan nitautoa kama kazi ya nyumbani. Nianzie wapi?

Kipanga
Chora mito miwili ubaoni, weka nukta inapokutana, usiandike kingine. Waulize mji huo una watu wangapi. Wakishamaliza kutaja mamilioni yao, andika 1,733.