Waumini wenzangu acheni kung'ang'ania Big Bang, mnatuangusha

Wakuu salamu, leo naomba nitoe povu maana nimechoka. Kila mjadala wa kama ulimwengu una chanzo kisicho cha kimaumbile unaishia pale pale, muumini anaibuka anasema "sayansi yenyewe imekubali, Big Bang, kuna mwanzo, kwa hiyo Mungu yupo", watu wanagonga like, imeisha hiyo. Imeishaje??

Naamini kabisa ulimwengu haukujileta. Ila Big Bang inasema miaka kama bilioni 13.8 iliyopita vitu vyote vilikuwa vimebanana na vina joto kali mno halafu vikaanza kutanuka, haisemi kabla ya hapo hakukuwa na kitu, ukirudi nyuma zaidi hesabu zenyewe zinagoma. Na Georges Lemaître aliyeleta hilo wazo alikuwa PADRI, Mbelgiji, na Papa Pius XII alipolihusisha na uumbaji mwaka 1951 padri hakufurahia, yeye alishikilia kwamba nadharia yake haigusi maswali ya dini. Sasa wewe unamzidi padri? Kesho wanafizikia wakionyesha kulikuwa na kitu kabla, imani yako utaipeleka wapi?

Na nyie wa upande wa pili msicheke. Mnamleta mwanafizikia Lawrence Krauss eti ulimwengu umetokea bila kitu, ukisoma vizuri hiyo "bila kitu" yake ina sheria za kwantamu ndani, yaani sheria za fizikia za vitu vidogo mno. Sheria zimetoka wapi? Kimya.

Kinachoniuma hoja nzito tunayo tangu enzi za Ibn Sina, yule mwanafalsafa Mwislamu wa zamani, na hakuna anayeigusa. Ibn Sina aliona ulimwengu hauna mwanzo kabisa, mwanazuoni Ghazali akamshambulia kwa hilo, na bado Ibn Sina alisema lazima kuwe na chanzo, kwa sababu kitu ambacho kingeweza kutokuwepo kinahitaji sababu ya kuwepo, hata kiwepo milele. Taa ingekuwa inawaka tangu milele, mwanga bado unategemea taa. Na msiniletee "nani kamuumba Mungu", hakuna aliyesema kila kitu kina chanzo, imesemwa kile ambacho kingeweza kutokuwepo.

Mpinzani wa kweli wa hoja hii ni mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, 1948 kwenye redio ya BBC alimwambia padri Copleston kwamba ulimwengu upo tu, basi. Anayekubaliana naye aje anieleze kwa nini swali liishie hapo.