Naomba ushauri: najifunza poka ya karata saba, kukumbuka karata kunanishinda

Habari za leo wakuu. Nipo Marekani, nafanya kazi ghalani, na Ijumaa usiku wenzangu wa kazini hucheza poka ile ya karata saba, inayoitwa kwa Kiingereza "stud". Nyumbani nimekulia kwenye lasti kadi na arubastini, lakini huku bado ni mgeni kabisa.

Kanuni nimeshazielewa. Unaanza na karata mbili za siri na moja ya wazi, kisha zinakuja tatu za wazi, ya saba inafunikwa. Katika hizo saba unachagua tano bora. Mzunguko wa kwanza, mwenye karata ya wazi ndogo kuliko wote ndiye anayelazimika kufungua dau.

Shida yangu ni kukumbuka zilizopita. Wiki iliyopita nilikuwa na wafalme wawili, mmoja wa siri mmoja wa wazi, nikawa naongeza dau kila mzunguko nikimngojea wa tatu. Mwisho jirani yangu akaniambia kwa upole kwamba wafalme wengine wote wawili walionekana mwanzoni kabisa, mbele ya watu waliojitoa. Na kweli nilikuwa nimewaona! Zikishafunikwa tu, zinanitoka kichwani.

Mnaoujua mchezo huu, mnazikaririje? Mnafuata shupaza, kopa, uru na pau, au mnafuata namba? Na zile tatu za mwanzo, zikiwaje mnajitoa? Mimi kujitoa mapema naona kama woga, na nahisi hapo ndipo ninapopoteza. Tunachezea senti tu, lakini nataka kuujua vizuri.