MCA (diwani wa bunge la kaunti) wa kuteuliwa, nataka wadi 2027: nibaki chamani au niwe mgombea huru?

Binti wa Kwale:
Wenzangu, naombeni ushauri. Niko bunge la kaunti kupitia orodha ya chama, sisi tunaoteuliwa ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti. Kazi ya kamati naifanya kwa moyo, lakini kila nikiinuka kuzungumzia maji au zahanati naulizwa, "Kwani wewe umechaguliwa na nani?" Linaniuma, maana watu wa wadi ile ile ndio wanaobisha mlangoni kwangu alfajiri na shida zao. Sasa nataka kuwania wadi yenyewe. Viongozi wa chama wanasema nikitulia watanirudisha kwenye orodha. Wazee nyumbani wanasema wadi ni ya wanaume, ningojee kiti cha mwakilishi wa wanawake. Kura za mchujo za chama siziamini. Nisimame huru?

Kalamu ya Sheria:
Dada, anza na tarehe. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kifungu cha 85 cha Katiba ya Kenya kinataka mgombea huru awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku hiyo. Nawe uliingia kwa tiketi ya chama: ukijiuzulu chamani, kifungu cha 194 kinakuondoa bungeni. Kwa hiyo mshahara utakatika kampeni ikiwa imepamba moto. Utahitaji pia kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo.

Mmeru Halisi:
Inawezekana. Kawira Mwangaza alishinda ugavana wetu 2022 bila chama. Lakini hakuwa na watu wake katika bunge la kaunti. Madiwani walimng'atua mara 3, na Agosti 2024 Seneti ikakubaliana nao. Kwako wewe shida itakuwa nyingine: nani ataunga mkono hoja zako? Anza kujenga urafiki na wenzako sasa, wa vyama vyote.

Shangazi wa Msambweni:
Mwanangu, hapo hapo Kwale tunaye Fatuma Achani. Alikuwa naibu wa gavana Salim Mvurya tangu 2013, watu wakamzoea na kazi yake wakaiona, na 2022 wakampa ugavana. Kile kiti cha mwakilishi wa wanawake kiliwekwa kutuongezea nafasi, na vingine vyote bado ni vyetu. Wazee usiwaruke, lakini usiende peke yako. Tanguliza wajomba zako. Na pesa kidogo uliyo nayo iweke kwa mawakala wa vituo vya kura kabla ya fulana na mabango, kura zisizolindwa huzioni tena.

Binti wa Kwale:
Shangazi, wajomba nitawaona wiki hii. Kalamu, nikiingia mchujo nikaangushwa, bado naweza kusimama huru?

Kalamu ya Sheria:
Inategemea kalenda. 2022 mchujo ulifanyika Aprili, kwa hiyo walioshindwa wakajiuzulu upesi waliwahi ile miezi 3. Ukiona umeibiwa, amua mapema. Rufaa ndani ya chama inaweza kula siku zote ulizobakiwa nazo.