Mnatuhamasisha pikipiki za umeme, soketi mmeweka wapi?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na nyuzi za bodaboda. Nina hasira.

Halmashauri yetu huku Mwanza (jina silitaji, wenyewe wanajijua) ilituita ukumbini: tuachane na petroli, tuhamie umeme, na wenye magari wapakiane foleni ipungue. Soda tukanywa, picha zikapigwa. Mimi zuzu nikaenda kuingia mkataba wa pikipiki ya umeme.

Hapa Buzuruga kituo cha kuchaji hakuna. Nachaji nyumbani. Betri yangu inakula uniti 2.5, na kila siku lazima niijaze. Piga siku 30: uniti 75. Hizo 75 ndizo kikomo cha mteja wa matumizi madogo, wa uniti ya shilingi 100 kabla ya kodi. Pikipiki peke yake imeshamaliza, hapo hujawasha taa wala pasi! Na luku tunachangia wapangaji wanne. Mama mwenye nyumba kaniambia nichague, betri au chumba.

Juzi nimempakia mama wa watu kutoka Igoma, anapeleka uji hospitali ya Bugando. Usiku umeme ulikatika, nikatoka na betri nusu. Nusu kwenye tambarare unafika, ila kile kilima mnakijua. Katikati ya mlima chombo kimya. Mama akashuka, chupa ya uji kwapani, ndala mkononi, akaanza kupanda kwa miguu. Nauli ningeidai kwa mdomo gani?

Halafu eti tupakiane. Michomoko, vile vigari vidogo vya abiria, inafanya nini kama si hicho? Watu wanne kwenye IST, kila mtu katoa chake. Ikisimama kushusha tu, mgambo hao, mnyororo kwenye tairi. Najua mingine haina kibali cha abiria, sibishi. Wapeni basi pa kusimama.

Kigali hapo, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria ya petroli haisajiliwi. Ila vituo vya kubadilishia betri vilitangulia miaka kadhaa. Unatoa iliyoisha, unapewa iliyojaa, unaondoka. Sisi tumetangulizwa na soda.

Saa mbili usiku hii, wa mkataba anapiga simu anataka hesabu yake, betri ina asilimia 11. Mwenye soketi Nyakato au Mahina aniuzie chaji, aje PM.